Kwersetini: unga wa njano, kitunguu chekundu, na kile kinachofika kwenye damu

Mwaka 1975 watafiti wa Bonn, Ujerumani, waliwanywesha watu wenye afya njema gramu 4 za kwersetini safi, kemikali ya mimea iliyo nyingi kwenye vitunguu, kwa mkupuo mmoja, kisha wakaitafuta kwenye damu na mkojo. Hawakuiona. Gramu nne si mchezo; kwa kapsuli za miligramu 500 zinazouzwa leo ni kapsuli nane kwa pamoja. Basi ikakubalika kwa muda mrefu kwamba flavonoidi hii (ndilo jina la jamii ya kemikali za aina yake) haifyonzwi: inapita, bakteria wa utumbo mpana wanaivunjavunja, mambo yanaishia hapo.

Miaka ishirini baadaye Peter Hollman na wenzake wa Wageningen, Uholanzi, wakaja na swali hilo kwa njia nyingine. Walichukua watu waliokwisha kuondolewa utumbo mpana kwa upasuaji. Kwa watu hao hakuna bakteria wengi wa kuharibu hesabu: kile ulicholisha ambacho hakikutokea upande wa pili kimefyonzwa, au angalau kimetoweka ndani ya utumbo mwembamba. Walipowapa kwersetini tupu, asilimia 24 haikuonekana tena. Walipowapa rutini, yaani kwersetini iliyofungwa kwenye sukari mbili, asilimia 17. Walipowalisha vitunguu maji vya kukaanga, asilimia 52.

Hesabu ya namna hiyo huwa inapendelea kidogo, kwa kuwa inahesabu kilichotoweka, haihesabu kilichofika. Lakini mpangilio wake haujapinduliwa hadi leo: kitunguu mbele, unga mtupu na rutini nyuma. Kwa hiyo mtu akikwambia "mmea huu una kwersetini", bado hajakwambia kitu. Muulize iko katika umbo gani, na imeshikamana na sukari ipi.

Tuanze na yenyewe. Kwersetini safi ni unga wa njano, mchungu kidogo, wa fomula C15H10O7, uzito wa molekuli 302.24. Joto la kuyeyuka ni kama 316°C. Kiunzi chake ni pete tatu: mbili zimeungana (A na C), ya tatu (B) imening'inia pembeni. Juu ya pete hizo kuna vikundi vitano vya haidroksili, katika nafasi 3, 5, 7, 3' na 4'. Viwili vya mwisho vimekaa jirani kwenye pete B, na ujirani huo ndio chanzo cha karibu kila sifa unayoisikia. Jozi ya haidroksili jirani hutoa haidrojeni kirahisi, na hivyo humtuliza "radikali huru", molekuli yenye njaa ya elektroni, kabla hajashambulia mafuta au protini. Ndiyo maana ya neno antioksidanti.

Ila kwersetini iliyokwisha kutoa haidrojeni haibaki salama. Inageuka kwinoni, nayo kwinoni ni kali: inatafuta protini zenye salfa na kuzing'ang'ania. Mwili wenye glutathioni ya kutosha, dutu yake yenyewe ya kinga, humdaka mapema. Kwenye chupa ya maabara iliyojaa unga huo, isiyo na kitu cha kumdaka, dutu ile ile inaweza kuchochea oksidisho badala ya kuizuia. Sifa mbili hizo haziachani, na wauzaji wengi husimulia moja tu.

Jambo la pili la kikemia ni madini. Oksijeni iliyo kwenye nafasi ya 4 ya pete C, ikisaidiana na haidroksili ya 3 au ya 5, hushika ioni za alumini, chuma na shaba. Jozi ya pete B nayo hushika. Watia rangi wa Ulaya walilijua hilo kwa vitendo tangu karne ya 18, walipokuwa wakichukua gome la mwaloni mweusi wa Marekani Kaskazini na kutia nguo rangi ya njano kwa msaada wa shabu. Rangi ile ilitokana na kwersetini iliyofungwa kwenye alumini.

La tatu ni maji. Kwersetini tupu karibu haiyeyuki majini: katika nyuzijoto 25, lita nzima inabeba takriban miligramu 2. Kwenye alkoholi, mililita moja tu inabeba kiasi hicho. Kumbuka tofauti hiyo ya mara elfu moja, tutairudia kwenye chai ya maganda.

Kwenye nyama ya kitunguu, kwersetini haiko tupu. Zaidi ya asilimia 80 ya flavonoli za kitunguu (kundi la flavonoidi ambamo kwersetini imo) ni maumbo mawili: moja lina glukosi kwenye nafasi 4', lingine lina glukosi mbili, kwenye 3 na 4'. Glukosi hizo zinaifanya iyeyuke kwenye utomvu wa seli, na pia ndizo tiketi yake. Juu ya ukuta wa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Kimeng'enya hicho hicho hukata glukosi ya kwersetini. Ikikatwa palepale ukutani, molekuli inayobaki inapenya seli kwa urahisi kwa sababu sasa inapenda mafuta. Kilele chake kwenye damu hufika ndani ya saa moja hivi baada ya kula.

Rutini, iliyomo kwenye chai, imebeba sukari mbili zilizofungana, glukosi na ramnosi. Kimeng'enya cha utumbo mwembamba hakiwezi kuikata ramnosi. Lazima ishuke hadi utumbo mpana isubiri bakteria, na kilele chake kwenye damu huja baada ya saa sita hadi tisa, tena kikiwa kidogo. Unga mtupu una shida nyingine kabisa: haujayeyuka, na ukuta wa utumbo haufyonzi chembe kavu.

Sasa sehemu ambayo matangazo huiruka. Kwersetini ikishaingia kwenye seli za utumbo na ini, haipiti kama ilivyo. Mwili unaipachika asidi ya glukuroniki, salfati au kikundi cha methili. Kinachozunguka kwenye damu ni hizo kwersetini zilizovishwa, karibu zote zikiwa zimeshikwa na albumini, na huchukua muda kutoka: nusu yake tu huchukua saa 11 hadi 28 kutoka. Kwa hiyo anayekula kitunguu kila siku ana kiasi kidogo muda wote. Lakini ukisoma kwamba "kwersetini imeua seli za saratani", kwa kawaida mtu alimwaga umbo tupu kwenye sahani ya seli, kwa kiwango cha mikromola 10 hadi 100. Mlo wa vitunguu hukupa kiwango kilicho chini ya hapo kwa mbali, na kwa umbo lililovishwa. Zaidi ya hayo, kwersetini tupu ina tabia ya kujikusanya kuwa vijibonge vinavyonasa protini yoyote iliyo karibu, ikaonekana kama dawa ya kila kimeng'enya kilichopimwa. Wakemia wa dawa wanaijua kama mmoja wa wadanganyifu wakubwa wa maabara.

Twende jikoni. Kitunguu maji chekundu au cha ganda la kahawia kina kama miligramu 20 hadi 40 za kwersetini kwa gramu 100. Kitunguu cheupe karibu hakina. Hapa Tanzania tuna bahati kwamba vitunguu vya sokoni, vya Mang'ola, Singida au Ruaha Mbuyuni, kwa sehemu kubwa ni vyekundu. Ndani ya kitunguu kimoja mgawanyo hauko sawa: tabaka nene la nje kabisa, lililo chini ya ganda kavu, ndilo tajiri, na kadiri unavyoelekea kwenye moyo ndivyo inavyopungua. Anayemenya kwa haraka akang'oa ganda kavu pamoja na tabaka mbili za nyama ametupa sehemu bora. Kata kichwa, acha shina, chambua ganda kavu peke yake. Lile tabaka lenye nusu karatasi na nusu nyama, kata karatasi uache nyama.

Kachumbari ndiyo inayopoteza zaidi bila mtu kujua. Kawaida yetu ni kukata vitunguu, kutia chumvi, kuvikamua kwa mkono mpaka maji ya zambarau yatoke, kisha kuvisuuza mara mbili tatu ili ukali uishe. Chumvi huvuta utomvu nje ya seli, na kwersetini yenye glukosi imo humo humo kwenye utomvu. Yale maji ya zambarau unayomwaga yamebeba rangi, na flavonoli zimeondoka nayo. Kama ukali unakusumbua, kata vipande vyembamba sana, suuza mara moja kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha mimina ndimu au siki na uache dakika 10. Asidi inaituliza kwersetini, na hayo maji ya ndimu unakula nayo. Chumvi itie mezani.

Kwenye moto, kwersetini ni mvumilivu kuliko vitamini C. Kukaanga hadi dhahabu hupoteza kama robo. Kuchemsha hakuiui sana, ila kunaihamisha: kama asilimia 20 hadi 30 inahamia kwenye maji. Kwa supu na mchuzi hakuna hasara maana maji yanaliwa. Hasara ni kwa anayechemsha vitunguu akamwaga maji. Pilau iko katikati. Maji yote yananyonywa na mchele, lakini vitunguu vinavyokaangwa mpaka viwe karibu vyeusi ili kuipa pilau rangi vimepoteza sehemu kubwa, na kilichobaki humo ni ladha. Sisemi mtu aache. Pilau bila vitunguu vilivyoiva sana si pilau.

Adui mkubwa ni magadi. Katika mazingira ya alkali haidroksili za kwersetini hupoteza haidrojeni zao, molekuli inakuwa tayari kuungua kwa oksijeni ya hewani, na joto linaharakisha. Maharage au mboga za kienyeji zilizopikwa kwa magadi, vitunguu vikiwa ndani tangu mwanzo, zitakuwa na kwersetini kidogo sana. Ukilazimika kutumia magadi, kaanga vitunguu pembeni na uvitie mwishoni.

Kula kitunguu na mafuta kidogo na chakula husaidia ufyonzaji. Kitunguu kizima kikihifadhiwa pakavu penye hewa hakipotezi kitu cha maana kwa miezi kadhaa.

Haya, maganda. Kwenye makundi ya WhatsApp kuna chai ya maganda ya vitunguu inayodaiwa kushusha presha na sukari. Hoja yake ina ukweli nusu: ganda kavu lina kwersetini nyingi kuliko nyama. Tabaka la nje linapokauka, vimeng'enya vya kitunguu chenyewe vinakata glukosi, kwersetini tupu inabaki, na sehemu yake inaoksidishwa kuwa rangi ya kahawia. Kitunguu kinajikinga. Katika miaka ya 1920 na 1930 mwanakemia Karl Paul Link na mtaalamu wa magonjwa ya mimea J. C. Walker, huko Wisconsin, walionyesha kwamba maganda yenye rangi yana asidi ya protokatekuiki na katekoli, vinavyoyeyuka majini na kuzuia ukungu wa kitunguu. Vitunguu vyeupe havina kinga hiyo.

Lakini kilichokatwa glukosi ndicho kisichoyeyuka. Kikombe cha mililita 250 cha maji ya kawaida kinaweza kubeba nusu miligramu ya kwersetini tupu. Maji ya moto hubeba zaidi, na glukosidi chache zilizobaki kwenye ganda zinaongeza kitu, ila chai ikipoa sehemu inashuka chini kama mashapo. Mtu anakunywa maji ya rangi nzuri na kuacha kwersetini kwenye chujio. Tena kuna uchafu: ule unga mweusi unaouona kati ya ganda na nyama ni ukungu, mara nyingi Aspergillus niger, na ganda ndilo lililogusana na udongo, gunia na dawa za shambani. Ganda lenye unga mweusi halifai kwa chochote cha kunywa.

Anayetaka kuiona kwersetini kwa macho anaweza kufanya hivi mezani, bila kunywa chochote. Ponda gramu 2 za maganda makavu safi, konzi moja isiyoshindiliwa, weka kwenye chupa ya kioo, mimina mililita 50 za spiriti ya asilimia 70, funika, acha usiku kucha mbali na mwanga na moto. Chuja kwa pamba. Ukipata maganda ya kitunguu cha kahawia ni bora. Ya chekundu yana anthosianini pia, na rangi zake zitaingilia. Gawa kwenye glasi nne ndogo, moja ubaki nayo ya kulinganishia.

Kwenye ya pili tia matone ya maji ya shabu, ile tunayopaka baada ya kunyoa. Njano inakolea papo hapo: alumini imeshikwa. Kwa maganda mekundu itaelekea kijani cha zeituni. Kwenye ya tatu tia chembe ya magadi iliyoyeyushwa kwenye kijiko cha maji. Njano inaruka juu, kisha ukiiacha wazi inazama taratibu kuwa kahawia. Huo ndio uharibifu unaotokea kwenye sufuria ya maharage. Kwenye ya nne tia matone ya siki iliyolazwa misumari yenye kutu kwa siku mbili: inageuka kijani kizito au karibu nyeusi. Ukiona nyeusi bila kutia chuma, angalia kifuniko au sufuria uliyotumia. Na usitangaze ushindi mapema, maana hata majani ya chai yatatia weusi kwenye maji ya misumari. Chuma hakichagui, kinashika fenoli yoyote yenye haidroksili jirani.

Mlonge unastahili sentensi chache. Majani yake yana kwersetini yenye glukosi kwenye nafasi 3, na nyingine yenye glukosi iliyopachikwa kikundi cha maloni. Hiyo ya pili huvunjika kwa joto, kwa hiyo majani yakaushwe kivulini penye upepo, yasikaangwe juani.

Ushahidi wa afya kwa binadamu uko wapi? Penye uzito zaidi ni presha. Mwaka 2007 watafiti wa Utah, Marekani, walitoa miligramu 730 kwa siku kwa siku 28. Wenye shinikizo la juu la hatua ya kwanza walishuka kama milimita 7 za zebaki kwa namba ya juu na 5 kwa ya chini. Mwaka 2016 uchambuzi wa majaribio saba yenye watu 587 ulipata wastani mdogo zaidi, kama 3 juu na 2.6 chini, na athari ilionekana pale dozi ilipozidi miligramu 500 kwa siku. Huko huko Bonn, jaribio la 2015 lilitoa kapsuli za dondoo la maganda ya vitunguu, miligramu 162 za kwersetini kwa siku kwa wiki sita. Kundi zima halikubadilika, ila wale waliokuwa na presha kweli walishuka 3.6. Kupunguza chumvi kunaweza kufanya zaidi ya hapo. Anayeacha dawa ya presha kwa ajili ya hili anacheza na kiharusi.

Kwa chakula chenyewe, utafiti wa Zutphen, Uholanzi, uliochapishwa 1993, uliwafuatilia wanaume 805 wa miaka 65 hadi 84. Waliokula flavonoli nyingi, kwa wastani wa miligramu 26 tu kwa siku kwa kundi zima, kutoka kwenye chai, vitunguu na matufaha, walikuwa na vifo vichache zaidi vya ugonjwa wa moyo. Utafiti wa kuangalia hauthibitishi sababu, maana mtu anayekula vitunguu na matufaha hutofautiana na mwenzake kwa mengi. Lakini tazama ukubwa wa namba: miligramu 26, si 500. Kufika 500 kwa vitunguu kunadai kilo moja na robo hadi mbili na nusu kwa siku. Chakula na kapsuli ni vitu viwili, na matokeo ya kimoja hayakopeshwi kwa kingine.

Kwa anayenunua kapsuli hata hivyo, asome maandishi madogo. Kwersetini nyingi ya biashara hutengenezwa China kutoka kwenye vichipukizi vya maua ya mti wa Styphnolobium japonicum, kwa kuvunja rutini kwa asidi. Ikiandikwa "dihaidreti 500 mg", kwersetini halisi ni kama 447, iliyobaki ni maji. Ikiwa ni rutini 500, kwersetini ndani yake ni kama 248. Ile iliyochanganywa na lesithini hufyonzwa vizuri zaidi kuliko unga mkavu. Hadi gramu 1 kwa siku kwa wiki 12 watu wazima wengi wameivumilia, wengine wakapata maumivu ya kichwa au ganzi. Kwa sindano ya mshipani mambo ni mengine: katika jaribio la Uingereza la 1996 kwa wagonjwa wa saratani, madhara kwenye figo ndiyo yaliyozuia dozi kuongezwa. Kuhusu saratani yenyewe, IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1999 liliiweka kwenye kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kuiainisha, baada ya maabara kuonyesha inabadilisha jeni za bakteria.

Wenye kapsuli wanaopaswa kumwona daktari kwanza ni hawa: anayetumia siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usikikatae kiungo, baada ya kupandikizwa figo, kwa sababu kwersetini inagusa vimeng'enya na pampu zinazoamua kiwango cha dawa hiyo, mjamzito, kwa kuwa dozi kubwa hazijapimwa kwake, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo hushindana na kwersetini kwenye albumini na kwenye ini. Warfarini, kwa taarifa, ilitoka kwenye maabara ya Karl Paul Link yule yule wa maganda ya vitunguu. Na anayemeza vidonge vya chuma vya kliniki avitenganishe na kapsuli kwa saa mbili au zaidi, maana kile kilichotia weusi kwenye glasi ya nne kinaweza kutokea tumboni. Kitunguu cha mchuzini hakimo kwenye orodha hii.